Kanuni ya Chumvi

Miaka kumi na tisa, na bado hawajamaliza.
Jana tena, kwa kinyozi Shamte, Majengo,
Nyundo kasimama, kichwa nusu kimenyolewa,
shuka shingoni, povu sikioni,
akamwambia Muhsin wa bandarini:
"Idarusa hakufa. Chumvi haikumwagwa."

Na Muhsin, mtu mzima, baba wa pacha,
karani ashindaye kuhesabu makontena ya watu,
akakiweka chini kikombe cha kahawa
kama kadhi anavyoweka muhuri.

Filamu zenyewe mwazikumbuka: *Wasiozikwa*,
ya kwanza mpaka ya saba.
(Ya sita haikufika Mombasa. Aliyesema kaiona
aliionea Tanga, na alikuwa na homa.)
Watu kumi na wawili walikunywa umande wa kaburi,
mauti yakawasahau.
Hawazeeki. Hawaoi mara mbili mji mmoja.
Wakikatwa hushikana wenyewe, kama maji.
Ila chumvi. Chumvi ikiingia jerahani
kabla damu haijakauka, basi, kwisha maneno.

Sehemu ya tatu Idarusa akakatwa,
na papo hapo stima ikapotea.
Dakika nne za giza, watu wadai shilingi zao.
Ilipowaka, yu chini ya shuka jeupe, wanawake walia.
Sehemu ya tano, huyo, juu ya farasi.

Hapo ndipo majirani walipoacha kusalimiana.
Muhsin akatundika mlangoni pa banda la video,
juu ya boksi la sabuni:

  Amekatwa kwa upanga, na kichwa kikenda kando,
  Sasa yuaja mchanga, hana kovu, hana pindo,
  Kanuni si ya kuunga, kama uzi wa mtando,
  Mfu hafufuki, tunga jingine lenye kishindo.

Nyundo vina havijui. Alijibu chini yake kwa makaa:
GIZANI ULIONA NINI?

Na mimi je? Mimi nilikuwa na kipaza sauti.
Mimi ndiye sauti ya wote kumi na wawili,
ya mama zao, ya farasi, ya mvua.
Filamu zilikuja kwa lugha nisiyoijua hata salamu.
Nilitazama midomo, nikatia maneno.
Siku ya sehemu ya kwanza sikuwa nimekula tangu asubuhi.
Kadzo akanipenyezea viazi karai, vya moto, havina chumvi,
na pale kwenye kioo mtu akanyoosha kidole, akapiga ukelele mrefu,
nikasema kilichokuwa ulimini:
"Chumvi! Leteni chumvi!"

Hiyo ndiyo sheria. Hicho ndicho chuo ilimotoka.

Jana nikawaambia. Sijui kwa nini jana.
Wembe wa Shamte ukasimama hewani.
Nilidhani watacheka.
Nyundo akanitazama kama mgeni aliyekosea nyumba:
"We ulikuwa mfasiri tu."
Na Muhsin, ambaye hajawahi kumuunga mkono
hata kwa bei ya unga,
akasema, "Kweli. Mfasiri hutamka asiyoyajua.
Usituharibie."
Wembe ukarudi kichwani.

Nikatoka nje.
Kadzo bado yupo, karai jipya, mkono uleule,
kopo la chumvi limetobolewa kwa msumari.
Mtoto wa Nyundo, miaka saba, hajaona hata sehemu moja,
alikuwa ameanguka kwenye kokoto, goti lavuja damu,
wenzake wamfukuza kwa panga za maboksi.
Akapita mbio mbele yetu, akaliona kopo,
akasimama ghafla,
akaliziba goti kwa mikono miwili.

"Usinimwagie," akaniambia. Hakuwa akicheza.

Nikalifunika kopo kwa kiganja
mpaka damu ikakauka.